Deki kali za diski zinaisha sokoni: ninunue sasa hivi au nibaki na strimingi tu?

Sauti_ya_Kijito (Dar)

Wakuu habari za jioni, natumaini wote wazima.

Naomba mawazo yenu kabla sijatoa hela. Mimi ni mtu wa kuangalia movie kwa makini na kusikiliza muziki kwa makini, mambo ya kuangalia huku unachati mimi hapana. Sebule nimeijenga pole pole kwa miaka, nina tivii ya OLED inchi 65, risiva ya spika ya Denon yenye Atmos (sauti inayokuzunguka mpaka juu ya kichwa), spika tano chini, mbili juu na sabufa moja. Muda wote naangalia kwa strimingi na picha kwa kweli inaridhisha, ila kuna jamaa yangu Mbezi ana deki ya 4K ya diski na kila nikitoka kwake narudi nyumbani nimekosa raha. Movie ile ile niliyoiangalia kwangu, kwake naiona upya. Sauti ndio usiseme, mvua ikinyesha kwenye movie unaisikia juu ya kichwa tone kwa tone, na sehemu za giza kwenye picha hazina vile vibokisi vibokisi.

Basi nikasema na mimi nitafute deki ya maana, ndio nikakutana na hali halisi. Oppo, wale wenye deki za UDP-203 na 205 ambazo kila mtu anazisifia, walitangaza kuacha kutengeneza Aprili 2018. Samsung mwaka uliofuata wakasema hawatoi tena modeli mpya Marekani. LG nao 2024 wakaziondoa zao. Cambridge Audio hawana tena, Pioneer hawana tena. Nikizunguka Kariakoo nakuta deki za DVD za bei ya chini zile za kuchomeka flashi, nikitaja 4K ya diski muuzaji ananiletea boksi la Android.

Kaka yangu yuko Dallas anakuja Desemba na kaniambia nichague kitu kimoja atabeba. Zipo Oppo 203 zilizotumika ila watu wanaziuza kwa bei kubwa kuliko ile dola 549 zilizokuwa zinauzwa zikiwa mpya, hilo linanishangaza kweli, kitu kimezeeka bei inapanda. Kuna deki ya Panasonic UB820 mpya. Au niache kabisa niongeze sabufa ya pili. Mke wangu ameniuliza swali na nimeshindwa kumjibu: kama kampuni zenyewe zimekimbia, sisi tunanunua ya nini?

Mwenye uelewa anisaidie.

---

Mtoto_wa_Bugando (Minneapolis)

Mkuu swali la shemeji ni la msingi kabisa na jibu lake ndilo litakusaidia kuchagua, kwa hiyo nivumilie niandike kirefu.

Watu wanasema deki zimekufa kwa sababu strimingi ina picha nzuri zaidi. Sio kweli. Diski ya 4K mpaka leo ndiyo yenye picha na sauti bora kwa mtu wa nyumbani. Kilichotokea ni kwamba watu walio wengi waliridhika na kilicho rahisi, na wakishaondoka wengi basi hata sisi wachache tunakosa, maana deki ya dola 1,300 na deki ya dola 100 zinategemea vitu vile vile vinavyotengenezwa kwa mamilioni, lenzi ya leza, mota, chipu ya kusoma na kufungua data. Hakuna kampuni ndogo inayoweza kujitengenezea lenzi yake kuanzia sifuri. Soko la chini likianguka, la juu halina pa kusimama.

Angalia mlolongo wake. Huku Marekani mauzo ya diski katikati ya miaka ya 2000 yalikuwa kama dola bilioni 16 kwa mwaka, 2024 yameshuka chini ya bilioni 1. Netflix walianza kutuma DVD kwa posta 1998, bahasha ya mwisho wakaituma Septemba 2023. Best Buy, ambako mtu alikuwa anaingia dukani akashika deki kwa mkono wake akailinganisha na nyingine, wakaacha kuuza movie za diski 2024. Mwaka huo huo kampuni ya zile mashine nyekundu za Redbox za kukodi movie nje ya maduka ikafilisika na mashine zikabaki zimesimama tu. Sasa wewe mwenye kiwanda utamuuzia nani deki kama diski yenyewe mtu haioni dukani?

Halafu kuna sababu mbili ambazo watu hawazisemi sana. Ya kwanza ni magemu. Agosti 2016 Microsoft walitoa Xbox One S kwa dola 299 ikiwa inasoma diski za 4K, na baadaye PS5 yenye sehemu ya diski ikaja inasoma. Mtu mwenye gemu ndani ataenda kununua deki ya nini tena? Ya pili ni HDMI yenyewe. Zamani deki ya gharama ilikuwa na kazi kubwa, ndani yake ndio sauti ilikuwa inageuzwa kutoka dijitali kwenda analogi, kwa hiyo ukilipa zaidi unasikia zaidi. Ilipokuja HDMI deki inamimina data kama ilivyo kwenda kwenye risiva na risiva ndiyo inafanya kazi yote. Deki ya bei ndogo na ya bei kubwa zikitoa data ile ile, sauti ni ile ile. Oppo UDP-205 ilikuwa na chipu mbili za kugeuza sauti za ESS ES9038PRO na transfoma ya duara ya peke yake kwa ajili ya upande wa analogi, kitu kizuri mno, lakini ukiunga kwa HDMI vyote hivyo vimekaa tu havina kazi.

Na tusisahau mambo ya kuvaa nguo ya mwenzako. 2010 kampuni ya Lexicon ilitoa deki ya BD-30 ya dola 3,500, watu wakaifungua wakakuta ndani ni Oppo BDP-83 nzima nzima, deki ya dola 499, hata bati lake wamelifunika tu na boksi jingine. Tangu hapo wengi tukajua thamani halisi iko wapi. Oppo walikuwa wanauza ubora wa juu kwa bei ya mtu wa kati, na walipoondoka ile nafasi ya katikati haikupata mtu. Sasa umebaki na Panasonic na Sony huku chini, na huku juu Magnetar UDP900 iliyotoka kwa bei inayokaribia dola 3,000.

Kwa hiyo mwambie shemeji hivi: kampuni zimekimbia hesabu za mauzo, ubora uko pale pale. Mimi ningekuwa wewe, kwa kuwa una risiva tayari, nachukua UB820. Oppo iliyotumika ni kwa mtu mwenye SACD nyingi, zile CD za muziki za ubora wa juu.

---

Bando_Halitoshi (Arusha)

Naheshimu mchango wa kaka hapo juu ila nina mawazo tofauti na naomba niyaseme kwa nia njema.

Wakuu tuangalie mazingira yetu. Huyu ndugu akishapata deki, diski zenyewe atanunua wapi? Diski halisi ya 4K hapa nchini sijawahi kuiona dukani, kila moja itabidi aagize, bei ya diski, usafirishaji, ushuru, kisha asubiri. Movie moja inaweza kumgharimu kuliko strimingi ya mwezi mzima yenye maelfu ya movie. Na ukishaangalia mara mbili inakaa kabatini inakula vumbi. Mimi nimeweka faiba nyumbani, watoto wana katuni zao, mama ana tamthilia zake, mimi nina mpira, kila mtu na simu yake au tivii yake. Diski moja inaangaliwa kwenye tivii moja sebuleni basi.

Sisi tumetoka kwenye mikanda ya VHS tukaja CD, tukaja DVD, zile za movie kumi kwenye diski moja, tukaja kwenye kujaziwa movie kwenye flashi pale kibandani. Kila hatua watu walisema ya zamani ilikuwa bora. Maisha yakaendelea. Ongeza sabufa ya pili kaka, utaifurahia kila siku hata kwenye taarifa ya habari.

---

Mama_Stirio (Nairobi)

@Bando_Halitoshi hoja ya upatikanaji wa diski naikubali, hiyo ni kweli hata hapa Nairobi. Lakini kwa ubora wacha tuweke namba mezani ndio mwenye uzi aamue akiwa anajua.

Netflix wenyewe wanasema 4K inataka mbps 15 (megabiti kwa sekunde) na inakula mpaka GB 7 kwa saa. Movie ya saa mbili ni GB 14 hivi. Diski ya 4K ya tabaka tatu inabeba GB 100 na inaruhusiwa kufika mbps 128, kwa kawaida movie inatembea kwenye 50 mpaka 80. Yaani movie ile ile, urefu ule ule, wewe wa strimingi umepewa kama robo ya data hivi. Hiyo robo nyingine tatu imeenda wapi? Imebanwa. Ndio maana kwenye moshi, maji, ukungu na giza unaona vile vibokisi alivyosema mwenye uzi, maana hizo ndizo sehemu ngumu kubana.

Sauti ndio mbaya zaidi. Atmos ya strimingi inakuja ndani ya Dolby Digital Plus, ambayo ni sauti iliyobanwa, kwa Netflix juu kabisa ni kbps 768. Atmos ya diski iko ndani ya TrueHD ambayo haijapunguzwa chochote, inakimbia mbps kadhaa na inaweza kufika 18. Nembo kwenye risiva inawaka ile ile Atmos, lakini ndani ni vitu viwili tofauti kabisa. Mtu mwenye spika za tivii hatasikia tofauti, huyu ndugu mwenye saba na sabufa atasikia, na ameshasikia kule Mbezi.

Strimingi ya kiwango cha juu ipo, Sony kwenye tivii zao za Bravia wana huduma inayofika mbps 80 ila laini yako iwe imara kweli kweli, na kuna Kaleidescape ambao unashusha movie nzima kwenye mashine yao kwanza ndio uangalie, picha na sauti safi kama diski, ila bei ya ile mashine ni ya matajiri.

Na umiliki je? Agosti 2022 wateja wa PlayStation Ujerumani na Austria walipoteza movie za StudioCanal walizokuwa wamezinunua kwa hela yao, sio kukodi, kununua. Desemba 2023 ikatangazwa vipindi vya Discovery vitaondolewa kwa walionunua, kelele zikawa nyingi mpaka wakarudisha uamuzi nyuma. Diski iliyo kabatini kwako hakuna mtu wa kuja kuichukua kwa sababu mikataba ya watu wengine imeisha.

Nimalizie na hili, msidhani watu hawazitaki. Novemba 2023 diski ya 4K ya Oppenheimer iliisha madukani Marekani wiki ya kwanza, Christopher Nolan mwenyewe alikuwa amewahimiza watu wainunue waiweke nyumbani. Wanunuzi tupo. Ila hatufiki wa kujaza kontena.

---

Fundi_Gerezani (Dar)

Salaam wote. Mimi ni fundi wa redio na deki, nizungumze kwa upande wa kuzifungua maana huko ndiko niliko kila siku.

Mwenye uzi, kabla hujaingia kwenye Oppo iliyotumika elewa kinachozeeka kwenye deki ni nini. Chipu hazizeeki haraka. Kinachokufa ni vitu vinavyotembea. Ukifungua mfuniko utaona trei, pembeni yake kuna mkanda mdogo wa mpira unaovuta trei kutoka na kuingia, huo ukilegea trei inatoka nusu halafu inarudi, hiyo ni kazi ndogo, mkanda unapatikana. Chini ya diski kuna mota ya kuzungusha, na lenzi inatembea juu ya vyuma viwili vilivyopakwa grisi. Hapa kwetu joto na unyevu na vumbi vinafanya ile grisi ikauke inakuwa ngumu na chafu, lenzi inaanza kukwama katikati ya safari. Wengi wanaambiwa lenzi imekufa wanunue nyingine, kumbe ni kusafisha vyuma na kupaka grisi mpya kidogo.

Ila lenzi yenyewe ikichoka kweli, hapo ndipo tatizo. Deki ya 4K ina leza za aina tatu, ya CD, ya DVD na ile ya bluu ya Blu-ray (diski za HD zilizokuja baada ya DVD), na ya bluu ndiyo yenye kazi ngumu. Diski ya GB 100 ina tabaka tatu zimelaliana, lenzi inatakiwa ilenge tabaka la ndani kabisa bila kutetemeka. Deki iliyochoka itacheza CD vizuri, DVD vizuri, Blu-ray ya kawaida vizuri, ukiweka ya tabaka tatu inaganda. Lenzi ya DVD nakupatia leo hii hii hapa mtaani Gerezani. Ya deki ya 4K ni mpaka kuagiza, na mara nyingi utakachopata kimeng'olewa kwenye deki nyingine ya mtu, hujui imetembea kiasi gani. Oppo waliendelea kutoa huduma ya matengenezo kwa muda baada ya kufunga lakini haya ni mambo ya huko kwao, wewe uliye Kijitonyama utamtegemea fundi na vipuri vya mitumba.

Ndio maana namuunga mkono kaka wa Minneapolis, chukua mpya. Lenzi ambayo haijatumika ina thamani kuliko jina.

Na umeme. Usiichomeke moja kwa moja ukutani. Weka UPS au stabilaiza nzuri, ile kukatika na kurudi kwa kishindo ndiyo inayoua pawa saplai za vitu vizuri mjini hapa.

---

Bi_Mwasi (Mombasa)

Mwaongea movie tu jamani, na sisi wa muziki je? Kwetu haya yalianza zamani zaidi.

Linn, wale wa Glasgow kule Uskochi, mwishoni mwa miaka ya 1990 walitoa CD player ya Sondek CD12 ambayo watu wa sauti duniani kote waliisifia, bei yake ya kununua gari. Kampuni hiyo hiyo mwisho wa 2009 ikaacha kutengeneza CD player zote ikaenda kwenye muziki wa mtandao moja kwa moja. 2009! Wengine waliofuata wengi walikuwa wakitegemea mtambo wa CD wa Philips, ule wa CD-Pro2, waliutia ndani ya mabati yao mazuri. Philips walipoachana nao hao wakabaki wakitafuta pa kushika, na wenye zile player za gharama mpaka leo wanahangaika na mtambo ukifa. Ndio hayo kaka wa Minneapolis alivyosema kuhusu lenzi. Wajapani wa Esoteric bado wanajitengenezea mtambo wao wenyewe, VRDS, unaibana diski yote kwa juu ili isicheze, lakini hiyo si bei ya kuongea hapa.

Mimi nina CD za taarabu na sitaziachia. Kuna ule mfululizo wa Zanzibara uliotolewa Ufaransa na Buda Musique, ya pili yake ni taarabu za Mombasa za 1965 mpaka 1975, ndani mna kijitabu cha maelezo ya waimbaji na wapigaji na picha zao, nimekaa nacho jioni nzima nasoma huku nasikiliza. Kwenye apu ya muziki wapata jina la nyimbo na picha ndogo basi, wala hujui nani kapiga fidla. Na kuna CD zilizouzwa hapa Mombasa madukani miaka ile ambazo kwenye hizo apu hazipo kabisa, mwenyewe nimezitafuta jina kwa jina. Hizo kama huna cha kuzichezea zimekufa.

Na jambo jingine nawaomba muliangalie nyumbani kwenu leo leo. DVD za harusi. Kila nyumba hapa pwani inazo, kupamba, nikahi, kesha, siku ya kutoka bibi harusi, yote yalirekodiwa na mpiga video akakupa DVD mbili kwenye kasha lina picha yenu. Zile si DVD za kiwandani, zimechomwa, na rangi inayoshika data yafifia kwa joto na jua. Nyingi zina miaka kumi na tano sasa na nyumba haina deki tena. Mamangu alikuwa ataka kumuona marehemu khalati kwenye harusi ya ndugu yangu, tukazunguka mtaa mzima kutafuta deki, tulipoipata ile diski ya pili ilikuwa yasoma robo ya mwanzo yasimama. Zihamisheni kwenye hard disk ya kompyuta na nakala nyingine kwa mtu mwengine wa familia, kabla ya kufikiria 4K.

---

Sauti_ya_Kijito (Dar)

Aisee nashukuruni sana wote, nimesoma kila komenti mara mbili. Dada @Bi_Mwasi pole kwa habari ya khalati, na umenigusa maana DVD za harusi yangu zipo droo ya chini na sijazifungua siku nyingi, kesho nazitoa.

@Bando_Halitoshi nimekuelewa kaka, strimingi siiachi, watoto wataendelea nayo. Diski nitanunua zile chache ninazozipenda kweli.

Kwa hiyo nimeegemea UB820. Swali langu la mwisho, kaka akiinunua Dallas itasoma diski zangu za huku? Nimesikia kuna mambo ya kanda, yaani diski na deki kufungwa kwa maeneo ya dunia, na hizo DVD za harusi je?

---

Mswahili_wa_Ruwi (Muscat)

Ndugu yangu hapa ndipo pa kusimama kidogo, usimwambie kaka anunue bado.

Diski za 4K hazina kanda, ya Marekani itacheza popote. Blu-ray za kawaida zina kanda, Marekani ni A pamoja na Japani na Korea, sisi wa Afrika, Ulaya na huku Uarabuni ni B. DVD nazo zina namba, Marekani ni 1, Afrika Mashariki ni 5, huku Oman na Ulaya ni 2. Deki ya Dallas itakuja imefungwa A na 1. Blu-ray ya Uingereza utakayoagiza kesho itaikataa. DVD za harusi kwa kawaida hazina kanda, lakini zimerekodiwa kwa PAL, mfumo wa picha wa tivii za huku kwetu na Ulaya, na deki nyingi zilizotengenezwa kwa soko la Marekani zinagoma PAL. Umenunua deki ya kisasa halafu harusi yako mwenyewe huioni.

Na umeme tena, geuza nyuma usome kibandiko. Nyingi za Marekani zimeandikwa 120V peke yake. Nyumbani ni 230. Ukichomeka bila transfoma ya kushusha, fundi wa Gerezani atakupokea siku hiyo hiyo.

Mimi ningetafuta UB820 ya soko la Uingereza, ya huko ina herufi EB baada ya namba. Umeme wake ni wetu, PAL inacheza bila maneno, Blu-ray ni B. Kama kuna ndugu London au Leicester anakuja likizo mtume huyo, na kaka wa Dallas abebe diski za 4K, huko mara nyingi zinashushwa bei na hazina kanda. Kila mtu na mzigo wake.

Ukiwa mpenzi wa SACD kama mimi, Panasonic hizi hazisomi SACD, angalia Sony X800M2, inasoma SACD na DVD-Audio. Kasoro yake Dolby Vision (mfumo wa picha wa HDR, wa mwanga na rangi pana) unaiwasha na kuizima kwa mkono kwenye setingi kutegemea na diski, inachosha. Panasonic inajua yenyewe, na ina kile kitu cha HDR Optimizer kinachopanga mwanga wa picha uendane na uwezo wa tivii yako, kwa OLED utakipenda, sehemu za mwanga mkali kama mawingu na taa hazitaungua kuwa nyeupe tupu.

---

Mtoto_wa_Bugando (Minneapolis)

Kweli kabisa, hilo la kanda na PAL mzee wa Ruwi amelimaliza, mpango wa Uingereza ni bora. Ikifika ingia kwenye setingi za sauti uweke bitistrimu, yaani data ya sauti iende kwenye risiva kama ilivyo, na uzime sauti ya pili, ile wanayoita sekondari. Ukiiacha imewashwa risiva yako haitapata Atmos kamili na utaanza kuilaumu diski.

---

Fundi_Gerezani (Dar)

Nyongeza kwa wengine watakaosoma uzi huu na wanataka iliyotumika kwa sababu ya hela, iwe Oppo iwe nyingine. Usikubali kuonyeshwa menyu tu. Nenda na diski yako ya 4K, ya movie ndefu ambayo ni GB 100, weka, acha icheze dakika kumi, kisha ruka mpaka katikati, kisha ruka robo ya mwisho, maana ndivyo unavyoilazimisha lenzi ihame tabaka. Ikiganda hata mara moja rudisha hela yako mfukoni. Sikiliza kwa sikio karibu na bati, sauti ya kukwaruza au tiki tiki tiki inapotafuta ni lenzi inahangaika. Toa na ingiza trei mara kadhaa ikiwa imepata moto, sio ikiwa ya baridi. Na angalia skrubu za chini, zikiwa zimelika vichwa ujue imeshafunguliwa, muulize muuzaji nani aliifungua na alibadilisha nini.

@Sauti_ya_Kijito zile DVD za harusi zikigoma kwenye deki usizifute kwa kanga wala dawa ya meno, niletee. Kuna draivu za kompyuta za zamani hapa dukani zinasoma diski zilizokataa kwingine kote, tunaivuta data pole pole usiku kucha.